Tuko tisa: wengine wanateleza tangu utotoni, wengine hawajawahi kugusa theluji. Tuchague mji gani wa skii?

#1 BintiPangani

Wanajukwaa, habari za majukumu, na wakubwa shikamooni. Naomba mawazo ya mnaoijua milima ya Alpi, maana jambo hili limenikalisha wiki tatu na nyumbani hatujaelewana.

Mwezi wa kwanza tuna wageni. Mama anatoka Tanga, ana miaka 68 na goti la kulia linamsumbua. Kaka yangu anakuja na mkewe kutoka Muscat, na wote wawili hawajawahi kuona theluji kwa macho yao. Rafiki yangu Mkenya anayeishi Stuttgart anakuja na kijana wake wa miaka 16, yeye anatumia ubao mmoja, snobodi. Sisi wa hapa Munich tuko wanne. Mume wangu ni Mjerumani, amevaa skii, zile mbao mbili za kutelezea kwenye theluji, tangu ana miaka minne. Binti yetu wa miaka 12 anashuka njia nyekundu, zile za ugumu wa kati, bila wasiwasi. Mdogo wake wa miaka 6 alisoma wiki moja tu mwaka jana. Mimi nashuka njia za buluu, zilizo rahisi, na nyekundu nikiwa na mtu mbele yangu. Jumla tisa, siku tano.

Mume anataka St. Anton, kule Arlberg, Austria. Anasema mlima ni mkubwa, kila mtu atapata chake. Mimi moyo unakataa, na sababu ninayo. Mwaka juzi tulikwenda mji mmoja, jina naliacha, tukiwa na mwenzangu wa kazini aliyekuwa na siku tatu tu za mafunzo. Tuliambiwa njia ya buluu inashuka hadi kijijini. Katikati ikageuka mwinuko mkali wenye barafu ngumu, na lifti ya kuturudisha ilikuwa imeshafungwa. Tulivua skii, tukazibeba begani, tukashuka kwa miguu saa nzima na nusu huku giza likiingia. Analia, na mimi ndiye niliyemwambia "usiogope, twende". Hajarudi mlimani tena tangu siku ile. Sitaki kumfanyia hivyo mke wa kaka yangu.

Tupangeje?

#2 MzeeWaInntal

Marahaba binti. Niko Innsbruck mwaka wa 24, watoto wangu watatu wamejifunzia hapa, na wageni kutoka nyumbani nimewapeleka milimani zaidi ya mara kumi. Nitaandika kirefu, univumilie.

Kosa la watu wengi ni kumchagulia mlima yule anayejua. Mumeo ukimpeleka kokote penye kilomita mia na nusu za njia, siku tano zitampita hajachoka. Anayeanza hana bahati hiyo. Yeye anaishi kwenye kipande cha theluji cha mita mia mbili, na kipande hicho kikiwa kibaya, safari yote kwake imekuwa mbaya. Kwa hiyo anza na mke wa kaka, kisha mama, kisha mtoto wa miaka 6. Mumeo awe wa mwisho kwenye hesabu.

St. Anton naiheshimu sana. Klabu ya skii ya Arlberg imeanzishwa mwaka 1901, na Hannes Schneider alifundishia kule mtindo ambao baadaye ulienea dunia nzima. Lakini njia zake za buluu ni za wenye miguu tayari. Jioni watu wote wa mlimani wanashuka kijijini kwa pamoja, wenye kasi na wasio na kasi, kwenye theluji iliyokwanguliwa tangu asubuhi. Anayeanza akiwa katikati ya msongamano ule anaganda. Mumeo aende St. Anton na rafiki zake mwezi wa tatu.

Hapa Austria hatuna njia za kijani, zile rahisi kuliko zote, kama Ufaransa. Tuna buluu, nyekundu na nyeusi tu. Kwa kipimo cha hapa buluu haipaswi kuzidi mwinuko wa asilimia 25 na nyekundu asilimia 40, vipande vifupi vikisamehewa. Kwa hiyo ndani ya buluu kuna zile za kumlaza mtoto usingizi na zile za kumtoa jasho mtu mzima. Rangi peke yake haikwambii kitu. Na hivyo vipande vifupi vinavyosamehewa ndivyo vilivyokukuta wewe na mwenzako.

Ukifungua ramani ya mji wowote, usianze na jumla ya kilomita. Tafuta haya:

Uwanja wa wanaoanza uko wapi? Uko chini kijijini, au juu kwenye kituo cha gondola, ile lifti ya vibanda vinavyoning'inia kwenye waya? Una mkanda unaotembea wa kuwapandisha, au ni lifti ya kuvuta tu? Lifti ya kuvuta siku ya kwanza inawaangusha watu wazima mpaka wanaona aibu, bure kabisa.

Njia ya kurudi nyumbani. Hili ndilo kubwa. Weka kidole kwenye mlango wa nyumba mtakayopanga, kisha fuata njia kurudi juu. Ikiwa rangi ya mwisho kabla ya kijiji ni nyekundu au nyeusi, uliza kama gondola inashusha watu pia na inafunga saa ngapi. Nyingi hapa zinafunga kati ya saa kumi na saa kumi na nusu jioni. Anayeanza ashuke kwa gondola kila siku, na asione haya.

Mwisho, mahali pa kula mchana. Pawe pale ambapo mama mwenye viatu vya kawaida anafika kwa gondola, mumeo anafika kwa skii, na mtoto analetwa na mwalimu wake. Mkipata mahali hapo mmepata mji wenu. Asubuhi kila mtu na darasa lake, mchana meza moja.

Kwa vigezo hivyo, na kwa kuwa mnatoka Munich, mimi ningetazama miji mitatu: Ellmau au Söll, ambayo yote iko ndani ya eneo kubwa la skii liitwalo SkiWelt Wilder Kaiser; Serfaus; na Seefeld.

#3 Mlyoni

Mzee heshima yako, lakini SkiWelt? Söll iko kama mita 700 tu juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Hohe Salve hakifiki hata mita 1,900. Miaka hii ya joto unampeleka mgeni kutoka Uarabuni kutazama majani?

Dada, njooni Ufaransa. Val Thorens iko mita 2,300, mji wa skii ulio juu kuliko yote Ulaya, na theluji inaanzia mlangoni. Umeunganishwa na Les Menuires, Méribel na Courchevel, jumla kilomita 600 za njia. Na njia za kijani zipo! Mgeni wangu kutoka Mwanza alijifunzia Courchevel, siku ya tatu anashuka kijani yenye miti pande zote kama bustani.

Ukiona Val Thorens ni ghali, kuna Alpe d'Huez. Kijiji kiko mita 1,860, na kando yake kuna uwanda mpana wa njia za kijani unaopata jua mchana kutwa. Juu kabisa, Pic Blanc, mita 3,330, mumeo anapata Sarenne, njia nyeusi ya kilomita 16. Mtoto wa miaka 6 na baba yake watateleza kutwa kwenye mlima mmoja bila kugombana.

#4 MzeeWaInntal

Mlyoni, yote uliyosema ni kweli. Alpe d'Huez ningempeleka mtu yeyote anayeanza. Lakini amesema Munich. Ana mama mwenye goti bovu na siku tano. Mpaka Alpe d'Huez kwa gari ni safari ya mchana mzima, na mwishoni kuna kona 21 kali za kupanda mlima, zile maarufu kwa mashindano ya baiskeli. Mpaka Ellmau ni kilomita mia na ushee. Kwa kundi kama hili, saa za barabarani nazo ni gharama.

Kuhusu kimo uko sahihi, nami simfichi. Ellmau na Söll ziko chini. Wana mashine za kutengeneza theluji karibu kila njia kuu, na mwishoni mwa Januari baridi huwa inatosha mashine kufanya kazi usiku. Lakini huenda mkakuta utepe mweupe mlimani na malisho ya kijani pembeni. Ukitaka uhakika zaidi, panda Serfaus, mita 1,427.

#5 Karafuu

Assalaam aleikum. Dada BintiPangani, mie Mzanzibari niko Uswisi, Thun. Nakuongezea jambo la mama, maana naona wanaume wanazungumza kilomita tu.

Mama yangu alipokuja nilimpeleka Grindelwald. Pale uzuri wake ni treni. Treni ile ile inayowapandisha wenye skii mpaka Kleine Scheidegg, mita 2,061, ndiyo inayompandisha na mama na mkoba wake. Akitaka zaidi anaendelea mpaka Jungfraujoch, mita 3,454, reli iliyokamilika mwaka 1912, imepita ndani ya jiwe la mlima. Alikaa dirishani na kikombe cha chai anatazama wajukuu wanashuka. Hakujihisi mzigo, ndilo nililolitaka. Na kwa wanaopenda sleji, iko njia ya kilomita 15 kutoka Faulhorn, japo mwanzo wake unapandwa kwa miguu zaidi ya saa mbili, si ya mama.

Bei ni kali mno, sitakudanganya. Kwa watu tisa kaa kitako upige hesabu kwanza.

Chakula sasa. Huko Austria vyakula vingi vya mlimani vina nyama ya nguruwe, mpaka viazi vya kukaanga wanavitia vipande vya nyama iliyokaushwa. Salama yenu ni Käsespätzle, tambi za mayai na jibini, lakini waambie wasitie nyama juu. Na Kaiserschmarrn, ile chapati nene ya mayai iliyochanwachanwa na sukari, watoto wanaipenda. Ila ulizeni zabibu zake, wapishi wengine huziloweka kwenye pombe ya ramu. Waombe bila zabibu, hawakatai. Na pangeni nyumba yenye jiko, msichukue hoteli. Mama ukimpikia wali wake jioni, kesho yake anapanda mlima vizuri.

#6 Nyayo_za_Eldoret

Hamjambo nyote. Mimi niko Oulu, Ufini. Huku mambo ni skii za masafa, zile nyembamba za kutembea na kukimbia tambarare. Wakenya wengi tulizijua kupitia Philip Boit, alipokimbia kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja kwenye mstari kumkumbatia. Boit akamwita mwanawe Dæhlie. Baadaye tukampata Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, akashuka milima kwa bendera yetu kwenye Olimpiki ya 2018.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu kundi la watu tisa si lazima wote washuke mlima. Mke wa kaka akiona mteremko si wake, skii za masafa ni rahisi kuanza, kuzikodi ni nafuu, na huhitaji tiketi ya lifti. Ndio sababu ningesema Seefeld. Michezo ya skii za masafa ya Olimpiki za Innsbruck, 1964 na 1976, ilifanyika huko, na ubingwa wa dunia wa 2019 pia. Kuna njia za kutembea kwa miguu zilizosafishwa, na treni kutoka Munich inapita Garmisch na Mittenwald hadi katikati ya mji. Mama anashuka stesheni na tayari ashafika.

#7 BintiPangani

Nawashukuru mno. Mzee, hilo la kuweka kidole mlangoni na kurudi juu nililifanya jana usiku kwenye ramani ya mji ule wa mwaka juzi. Ile njia ilikuwa imeandikwa waziwazi: buluu, kisha kipande chekundu, kisha kijiji. Ningesoma ramani, yasingetokea.

Seefeld ilinivutia sana kwa ajili ya mama. Mume anasema miteremko yake ataimaliza siku ya kwanza kabla ya chakula, na kijana wa rafiki yangu vilevile. Nimemwelewa. Naye ni mtu, na likizo ni yake pia.

Kuna mtu amefika Serfaus?

#8 Mama_Wawili_Ulm

Mimi, mara mbili. Kwa watoto wadogo sijaona mfano wake. Serfaus haina magari ndani ya kijiji. Kuna treni ndogo ya chini ya ardhi tangu mwaka 1985, inatoka kwenye maegesho mpaka kwenye gondola. Mtoto na skii zake, mama na fimbo yake, wote wanapanda bure. Uwanja wa watoto uko juu penye jua, umezungushiwa uzio, watu wa kasi hawapiti. Wakubwa wanavuka kwenda Fiss na Ladis, mlima ni mkubwa wa kutosha.

Lakini siku zenyewe ni zipi? Likizo za shule Serfaus inajaa na bei inapaa. Na likizo ya Bavaria ya mwezi wa pili ndiyo siku ambazo barabara ya kutoka Munich kwenda Tirol, jimbo la Austria lenye miji hii, inasimama kabisa.

#9 BintiPangani

Binti wa miaka 12 ana shule, ila nimeomba ruhusa ya siku tatu tukaunganisha na wikiendi. Wiki ya mwisho ya Januari.

#10 MzeeWaInntal

Wiki nzuri. Kabla yake kidogo kuna mashindano ya skii ya Hahnenkamm, mjini Kitzbühel, yanayokimbiwa tangu 1931, na vijiji vyote vya jirani hujaa na bei hupanda. Ellmau iko karibu. Hakikisha mnafika mashindano yamekwisha.

Mambo mengine ya haraka kabla sijasahau. Wageni wasinunue tiketi ya eneo zima siku mbili za kwanza. Miji mingi ina tiketi ya pointi au ya lifti za wanaoanza tu, na wanatumia lifti moja kutwa. Msimruhusu mumeo amfundishe mke wa kaka, wala kaka asimfundishe mkewe. Mwalimu alipwe, siku tatu angalau. Anayejua akimfundisha ndugu yake hupaza sauti, na anayeanza husikia sauti ile mpaka usiku.

Viatu vya skii: soksi moja ndefu, si mbili. Mbili zinabana damu na mguu unaganda zaidi. Kiatu kikiuma siku ya kwanza, rudini dukani siku hiyohiyo, wanabadilisha.

Bima! Wageni wa visa ya Schengen wana bima ya angalau euro 30,000, lakini someni kama inaruhusu michezo ya majira ya baridi. Nyingine haziruhusu. Helikopta ya uokoaji hapa mgonjwa anaweza kutumiwa bili yake. Na kila mmoja awe na pasi ya kusafiria mfukoni, Ujerumani wanakagua watu mpakani mnaporudi.

#11 Baharia_DXB

Salaam. Mimi niko Dubai. Kaka yako akipitia hapa, atumie saa mbili Ski Dubai, ndani ya Mall of the Emirates. Ipo tangu 2005, njia ndefu kuliko zote ina mita 400 tu, lakini ana mwalimu, ana nguo za kukodi, na anajua mwili wake unasemaje kwenye baridi chini ya sifuri. Nilimpeleka mdogo wangu kabla hajaenda Georgia kutalii. Alianguka kama mara ishirini pale ndani, na alipofika Gudauri, mji wa skii wa huko, hofu ilikuwa imeshamtoka.

#12 Karafuu

Wazo zuri sana hilo. Na mke wa kaka, dada, mwambie kuhusu nywele. Akija na rasta kubwa za kubana juu, helmeti haiingii. Asuke twende kilioni, mistari ya chini inayolala vizuri kisogoni, na ushungi mwembamba wa pamba au sufu unakaa chini ya helmeti bila tabu. Mie navaa hivyo kila mwaka.

Na mafuta ya jua, tafadhali, hata sisi weusi. Theluji mpya inarudisha karibu asilimia 80 ya miale. Mwaka wangu wa kwanza ngozi ya pua na ya chini ya kidevu ilibabuka, kwa sababu jua lilikuwa linatoka chini.

#13 Mlyoni

Mie bado naulizia theluji. Ellmau ikiwa kijani mtafanyaje?

#14 MzeeWaInntal

Wataangalia kamera za mlimani siku kumi kabla. Wachukue nyumba inayoruhusu kughairi. Ikiwa hali ni mbaya, wahamie Serfaus. Ndiyo maana nimesema miji mitatu, sikusema mmoja.

#15 BintiPangani

Tumeamua Ellmau. Nieleze kwa nini, huenda ikamfaa mwingine.

Uwanja wa wanaoanza uko chini, pembeni mwa kijiji, unatembea kwa miguu kutoka nyumba tuliyopata. Gondola ya Hartkaiser inapandisha na wasio na skii, na juu kuna mgahawa mkubwa wa kioo unaotazama ule mlima wa mawe, Wilder Kaiser. Hapo ndipo meza yetu. Mume na kijana wana zaidi ya kilomita 250 za kuzunguka, na siku moja wataendelea upande wa Westendorf na basi fupi hadi Kitzbühel. Serfaus ilikuwa imebaki nyumba za bei ambayo kwa watu tisa hatuiwezi.

Mume amekubali, na amesema mwenyewe kwamba yeye hatamsahau yule mwenzangu wa kazini.

#16 BintiPangani

Wapendwa, tumerudi. Niliahidi mrejesho.

Mlyoni, ulikuwa na haki. Chini kijijini theluji ilikuwa ya mashine, utepe mweupe na majani pembeni, na saa nane mchana ilikuwa laini kama uji. Juu ya mita 1,300 ilikuwa nzuri, na usiku wa siku ya tatu ikaanguka ya kweli, mama akaamshwa kuiona dirishani. Alisimama pale na kanga yake mabegani kama nusu saa, hasemi kitu.

Kaka alipitia Dubai kama ulivyosema, Baharia, na ilimsaidia mno. Siku ya kwanza alikuwa anasimama mwenyewe. Siku ya nne mwalimu alimpandisha juu, akashuka njia ya buluu inayozunguka karibu na mgahawa, mara tatu. Kurudi chini alipanda gondola pamoja na mama.

Mke wake habari ni nyingine. Siku ya pili saa nne asubuhi alisema basi. Alikuwa anatetemeka, si kwa baridi. Zamani ningemwambia ajaribu tena. Safari hii nilimvua skii mimi mwenyewe, nikamsindikiza nyumbani tukachemsha chai ya tangawizi. Kuanzia hapo yeye na mama wakawa kitu kimoja: wakakodi gari la kuvutwa na farasi, wakatembea njia iliyosafishwa mpaka kijiji cha jirani, Going, na jioni moja tulikwenda naye Söll kwenye sleji, kwenye njia yenye taa. Alishuka akicheka mpaka machozi, akataka turudie. Nyayo, skii za masafa hakuzijaribu, ila amewatazama watu wakipita nazo akauliza bei.

Kijana wa rafiki yangu alilalamikia vipande vilivyo tambarare vya kuunganisha milima. Mwenye ubao mmoja akikosa kasi pale anauvua na kutembea. Wenye vijana wa snobodi wawaambie mapema.

Viatu vilituponza. Duka moja lilimpa mtoto wa miaka 6 viatu vikubwa namba mbili zaidi, akalia asubuhi nzima kabla hatujagundua. Mpimeni kwa kuvua soli ya ndani na kumsimamisha juu yake. Kidole gumba kikibakiza nafasi zaidi ya upana wa kidole kimoja, kiatu si chake.

Na ile meza. Kila siku saa sita na nusu tulikuwa wote tisa juu kwenye kioo. Mume anafika uso mwekundu kwa upepo, mtoto ana cheti chake cha shule ya skii, mama anaagiza ile chapati ya kuchanwa bila zabibu kwa Kijerumani alichofundishwa na mjukuu. Mhudumu mmoja alimwonyesha kaka chumba kidogo cha kuhifadhia viti, akaswali huko siku zote. Sikumwomba, alimwona anatafuta mahali akaelewa.

#17 MzeeWaInntal

Alhamdulillahi. Hilo la kumvua skii ulilifanya vizuri, binti. Mkuu wa familia atakuwa ameona.

#18 Mgeni_Leipzig

Nimesoma uzi wote, asanteni. Sisi tuko sita, wawili wanaanza, lakini tuna nafasi Pasaka tu, na mwaka huu inaangukia Aprili. Ellmau itafaa?

#19 BintiPangani

Hapana ndugu, Aprili usiende mita 800. Hapo msikilize Mlyoni.

#20 Mlyoni

Val Thorens ukiweza kufika. Ukitaka kubaki Austria, Obergurgl iko mita 1,930 na kijiji ni kidogo, wanaoanza wanakaa karibu na nyumba. Hintertux ina barafu ya kudumu na watu wanateleza huko hata kiangazi, lakini uwanja wake uko juu sana, na kwa anayeanza njia ya kurudi nyumbani ni gondola. Weka kidole mlangoni kama alivyosema mzee, uanze hapo. Wana umri gani hao wanaoanza?